Kawa Juu ya Beseni

Mama yangu hajawahi kuacha maji wazi uani. Ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia, hata yale ya kuoshea masufuria ambayo mbwa mwenyewe angeyanusa akaondoka, yeye anafunika. Tulipokuwa wadogo, ukisahau kifuniko cha ndoo unaitwa urudi hata kama umeshafika njia panda ya shule. Alikuwa anasema maji yakiachwa wazi wanakuja kunywa wasioonekana. Siku moja nikamuuliza, sasa kama hawaonekani, mama, umejuaje kama wamekunywa? Nikala kofi la mdomo. Kofi hilo nimelicheka miaka yote. Siku hizi silicheki tena, na nitakwambia kwa nini.

Kwetu ni Kisarawe ya ndani. Unaacha lami Mlandizi, unaingia barabara ya vumbi, unakwenda mpaka unafika umebadilika rangi. Tunalima mihogo, tuna mikorosho, na mama alikuwa na mikeka. Mkeka wa mama si ule wa kutandika ukaanikia mpunga. Ule ni mkeka wa bi harusi. Anakwenda bondeni kukata ukindu, anauchana, anauanika, halafu anauchemsha kwenye rangi za unga anazonunua gulioni Mlandizi. Wekundu wake ulikuwa hauigiki na mtu. Wenzake wanatia rangi ile ile, moto ule ule, wanatoka na wekundu wa nyanya iliyokaa sana. Wa mama unawaka. Mtoto wa kike akiolewa pande zile bila mkeka wa mama, wifi zake wana la kusema mpaka anajifungua.

Sasa tatizo likawa maji. Ukimaliza kuchemsha ukindu unabaki na debe la maji ya rangi, na maji ya rangi lazima yaende mahali. Yalikuwa yanakwenda bondeni, na bondeni kuna kisima. Mvua moja kubwa ikaja, kisima kikawa kama juisi ya rozela. Watu wakaja kwetu na ndoo zao kama ushahidi. Mwanamke mmoja akasema mbele za watu kwamba amepika wali umetoka wa waridi, na mume wake amegoma kula. Mimi nikamwambia, shangazi, mume wako anagoma kula kila siku, leo umepata sababu. Watu wakacheka, lakini mama hakucheka. Aliwaangalia wale wenye ndoo mmoja mmoja, na wengi wao walikuwa wamelalia mikeka yake usiku wa harusi zao.

Kuanzia siku ile akaacha kumwaga. Akawa anatunza maji ya rangi kwenye mapipa nyuma ya nyumba, amefunika, bila shaka. Lakini mapipa nayo yanajaa. Mwenyekiti wa kijiji akapita, akayagonga kwa fimbo, akasema: "Mama, haya utayapeleka wapi? Ama upate njia ya kuyasafisha, ama rangi basi. Nitaitisha mkutano."

Rangi basi. Kwa mama yangu hiyo ni sawa na kumwambia kinyozi aendelee na kazi ila aache wembe.

Huku nyuma mimi nilikuwa naendesha bodaboda Mlandizi. Shule niliishia la saba, nikatoka na cheti na mdomo, na kijiweni kilichokuwa kinanisaidia ni mdomo. Siku moja akashuka kwenye basi dada mmoja amevaa miwani na mkoba mgongoni, akaniuliza kama najua wapi kuna mikorosho mingi.

"Msimu wa korosho bado, dada."

"Sitaki korosho. Nataka majani."

"Majani ya mkorosho? Wenzako wanaiba korosho, wewe unaiba majani?"

Akacheka. Ndiyo nikampenda hapo hapo. Si kwa mapenzi hayo unayoyafikiria, nilimpenda kwa sababu msomi anayecheka utani wa kijiweni nilikuwa sijamwona. Nikampeleka kwetu. Mama akamkaribisha, shikamoo, marahaba, akaletewa mihogo ya kuchemsha, akala mpaka vidole. Akachuma gunia zima la majani, na wakati anachuma akaona mapipa. Akaomba afunuliwe. Akachungulia ule wekundu muda mrefu kama mtu aliyeona picha yake mwenyewe ukutani kwa watu.

"Mama," akasema, "mimi nasomea hiki hiki."

Njiani kurudi nikamwambia anieleze kwa Kiswahili cha mtu wa la saba. Akajitahidi. Anachemsha majani kama chai, anachuja, anatia chumvi ya zinki. Zinki ile ile iliyopo kwenye bati na ndoo, lakini yake inafanana na chumvi ya mezani, akanionya nisije nikailamba. Inachemka mpaka inakuwa uji mzito. Uji unaingia kwenye tanuru la moto mkali sana chuoni kwao, unatoka unga mweupe laini. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba kwenye upana wa unywele mmoja zinajipanga nyingi kuliko watu wa maulidi. Nikamuuliza mkorosho unahusika nini sasa, si angetia hiyo zinki peke yake? Akasema viwandani wanatumia madawa makali kuzifanya chembe ziwe ndogo na zisigandane, na madawa yenyewe yanachafua. Jani linafanya kazi hiyo hiyo bure, bila sumu.

"Halafu huo unga unakula rangi?"

"Hauli. Ni kichocheo. Unafanya rangi ivunjike, wenyewe unabaki kama ulivyo. Unauchuja, unautumia tena."

"Kama mshenga," nikamwambia. "Anaozesha watu, yeye anarudi kwake kama alivyokuja."

Akasimamisha pikipiki. Namaanisha alinipiga bega nisimame, akatoa simu, akaandika hiyo. Mimi nikavimba kichwa wiki nzima. Mama nilipompelekea ule mfano akasema mshenga wa hivyo pande hizi hayupo, wa kwetu lazima arudi na mguu wa mbuzi.

Dada alikuwa amepanga chumba Sofu, kule Kibaha mjini, karibu na anapokaa dada yangu wa kuzaliwa. Mwezi uliofuata akaniita barazani kwake. Alikuwa ameweka chupa mbili za maji mekundu ya mama kwenye jua, moja ina unga, nyingine haina. Nikakaa pale nakula ubuyu nasubiri. Ile isiyo na unga ikabaki nyekundu. Yenye unga ikawa waridi, ikawa kama maji yaliyooshewa kikombe cha juisi, na baada ya swala ya alasiri ikawa maji. Ukiiacha itulie, unga unalala chini mweupe, juu unaona ng'ambo.

"Dada wewe mchawi!"

"Mchawi ni jua," akasema. "Unga bila jua ni unga tu."

Tukapanga. Siku ya mkutano wa kijiji dada aje na unga wake, afanye mbele ya watu. Yakisafika, mama anaendelea na rangi zake, na dada anapata kijiji cha kufanyia utafiti wake. Msimamizi wake, profesa mzima, angekuja kushuhudia. Mwenyekiti akakubali. "Maji yakitakata, mimi mwenyewe nitaagiza mkeka," akasema. Mama akasikia hilo akaenda kukata ukindu kesho yake.

Sasa lazima ujue desturi moja ya kwetu. Mkutano ukiitwa kwa shida yako, wewe ndiye unayepika. Mwenye kesi ndiye mwenye pilau. Haijaandikwa popote, lakini jaribu uone. Kwa hiyo siku ile alfajiri mama alikuwa jikoni na dada zake na wifi zake, vitunguu, nyama, mchele wa watu wengi, moshi hadi barabarani.

Asubuhi dada akafika. Akaweka mabeseni mawili ya maji mekundu uani, mahali ambapo kivuli cha nyumba hakifiki. Moja akatia unga. Akamwita mama, naye akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, hili lenye unga uwe unalikoroga, unga usilale chini. Hili lingine usiliguse kabisa. Basi."

"Kukoroga tu? Mwanangu, mimi nimekoroga rangi kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuachia wewe," dada akasema, na wakacheka wote wawili, wamependeza, mmoja na miwani, mmoja na kanga imeingia moshi.

Halafu sisi tukaenda mkutanoni, uwanja wa shule. Mimi nilikuwa na kazi ya kumsubiri profesa njia panda nimwongoze, maana gari lake lilikuwa halijui tofauti ya barabara na shamba. Akashuka na suti. Suti, Kisarawe, mchana ule. Akaomba kiti cha kivulini kabla ya salamu.

Maneno yaliyosemwa pale uwanjani ni mengi. Mwenyekiti aliongea, mtendaji aliongea, mzee mmoja aliongea habari ya mpaka wa shamba lake isiyohusiana, akaachiwa kwa sababu ya mvi. Dada aliposhika kipaza sauti alieleza vizuri sana. Alisema majani, alisema zinki, alisema kichocheo, akatoa mfano wa mshenga na kunionyesha kwa kidole, watu wakanipigia makofi. Akasema jua ndilo linaloamsha unga, pasipo jua hapana kitu. Alilirudia neno hilo. Profesa naye akalirudia kwa sauti nzito. Wanaume wote wa kijiji walilisikia. Walilisikia watu ambao hawajawahi kuchemsha hata maji ya kunyolea.

Mama alikuwa jikoni anageuza nyama.

Adhuhuri ikapita, tukaondoka msafara mzima kwenda nyumbani kuangalia. Watoto mbele, suti katikati, mimi pembeni ya dada. Alikuwa anatembea haraka, anajizuia kukimbia. Jua lilikuwa linapasua utosi. Tukaingia uani. Mabeseni yapo mahali pake, wazi, yametulia, na mama amesimama pembeni amejifunga kanga mpya, anatabasamu kama mama wa bwana harusi.

Yote mawili mekundu.

Dada akachuchumaa, akatia kidole kwenye lenye unga, akakitoa chekundu. Akaangalia juu, akaangalia chini.

"Mama, ulikoroga?"

"Nimekoroga mpaka bega linauma, mwanangu."

Kweli alikoroga, unga ulikuwa unaonekana unaelea.

"Labda jua lilikuwa hafifu," dada akasema polepole.

Mwenyekiti akajifuta shingo. "Jua hili? Dada, limenikausha mate mimi mwenye kofia, lishindwe na beseni?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu nyuma akasema, "Labda mshenga karudi na mahari!" Kicheko kikazidi. Yaani utani wangu mwenyewe ukanirudia kwa mdomo wa mwingine, na siku hiyo nikajua utani ukiwa upande wa pili unavyokaa. Profesa akamwambia dada kitu kwa Kiingereza, kifupi, hakuna aliyetafsiri na hakuna aliyehitaji. Dada akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mwenyekiti akasema basi, yameonekana. Mama akae na mikeka yake, ila rangi hapana, na mapipa yale ayafukie mbali na bonde. Wanaokubali wanyooshe mikono. Walinyoosha, halafu mikono hiyo hiyo ikanawa ikaingia kwenye pilau ya mama. Walikula, ndugu yangu. Walikula mpaka ukoko. Mama alipita na jagi la maji ya kunawa akiuliza, "Mmeshiba? Mmeshiba jamani?" Wakasema mashaallah, mkono wako haujapungua.

Dada aliondoka na gari la profesa. Hakupanda pikipiki yangu. Aliacha kopo lake la unga juu ya kinu, sijui kwa kusahau au kwa hasira, na mimi nikalitupia chini ya kiti cha pikipiki.

Miezi iliyofuata nilimsema vibaya. Kijiweni Mlandizi nikawa namwita Bibi Sembe, nawaambia washikaji alikuja kutuuzia unga wa ugali kwa lugha ya kisomi, wanacheka, nami nachekesha kwa uchungu. Akinipigia sipokei. Baadaye akaacha kupiga.

Mama alijaribu mikeka myeupe. Hakuna anayeoa kwa mkeka mweupe, mkeka mweupe watu wanaujua ni wa kuzikia, na wenye shughuli hiyo hawachagui fundi. Maharusi wakaanza kununua mikeka ya plastiki Mlandizi, ina maua, ina tausi, ukiilalia unatoka jasho kama uko kwenye mfuko wa mkate. Yule shangazi wa wali wa waridi alimwozesha binti yake na huo wa tausi. Mama alialikwa, akaenda, akaukalia. Akarudi akasema unateleza.

Halafu dada yangu wa kuzaliwa akamchukua akakae naye Sofu. Akasema mama apumzike. Watu wakikosa la kukufanyia wanakuambia pumzika. Sofu hakuna bonde la ukindu. Anatumiwa mafungu mawili matatu na pikipiki za kwetu, anasuka vikawa vidogo vya kufunikia chakula, vyeupe, majirani wanampa pole kwa kununua.

Juzi juzi nilikuwa nimekaa naye pale uani Sofu. Amekunja miguu, anasuka kawa. Mimi mdomo wangu haujatulia bado, nikamwambia, "Mama, kawa lako jeupe hivi, chakula kitadhani kimekufa."

Akatabasamu kidogo. "Yale mazuri niliyamaliza siku ya wageni," akasema. "Yale mawili ya nyekundu na kijani, niliyokuwa nimemwekea mkeo ukija kuoa. Yalilowa kwa chini, yakaingia madoa, nikayatupa."

"Yalilowa na nini?"

"Si na yale maji. Nilikuwa nikikoroga, nafunika. Nikikoroga, nafunika. Mlivyokaribia ndiyo nikayaondoa, mgeni hafunuliwi chombo mbele yake kama mwizi."

Nilikuwa na ganda la muwa mdomoni. Nikaliacha lidondoke lenyewe.

"Ulifunika yote mawili, mama?"

"Sasa niyaache wazi? Kuku wale, vumbi lile, majivu ya jikoni. Maji ya wageni wa watu! Yule binti kasema nikoroge, nimekoroga. Usiliguse lile, sikuligusa. Nikayafunika kwa makawa yangu mazuri kuliko yote."

Kila alichoambiwa alikifanya. Asichoambiwa kilisemwa kwenye kipaza sauti uwanja wa shule, wakati yeye anawapikia waliokuwa wanaambiwa.

Nilikwenda kwenye pikipiki, nikainua kiti, kopo bado lilikuwapo, limeingia oili kwa nje. Kwenye mzigo wake wa zamani mama ana pakiti za rangi ambazo hazijafunguliwa, hakuwahi kuzitupa. Nikachemsha kidogo, nikasubiri ipoe, nikatia kwenye beseni na unga, nikaliweka katikati ya ua. Nikakaa nalo mwenyewe, nakoroga. Mama akawa ananiangalia huku anasuka. Aliinuka na kifuniko, nikamwambia, "Tafadhali, mama, leo niachie." Akakaa.

Nikiwa nakoroga nilimpigia yule dada. Alipokea kama mtu anayepokea simu ya benki. Nikamwamkia, nikamwambia kwa ufupi.

"Alifunika?" akauliza.

"Alifunika."

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake na mlango ukifungwa.

"Nilibadilisha mada," akasema mwishoni. "Waliniambia ile haifanyi kazi nje ya maabara. Sasa hivi nafanya ya maganda ya mayai, kwa ajili ya mafuta ya injini. Nikianza tena ile nitaanza na nini, kaka? Nitaandika nini, kwamba mama alifunika?" Akaitwa huko nyuma, akajibu anakuja. "Mwambie shikamoo."

Mwenyekiti nilimpigia pia. Yeye alicheka sana, kwa upole kabisa, akasema hayo yalishaamuliwa na mkutano, na mkutano hauitwi mara mbili kwa beseni moja. Halafu akauliza kama mama mzima, na kama bado anapika vile.

Alasiri beseni likawa maji. Nikaacha kukoroga, unga ukalala. Mama akaweka kawa chini, akaja, akainama. Uso wake ulionekana mle ndani wote, mpaka kidoti cha shavuni.

"Kwa hiyo ni jua," akasema.

"Ni jua, mama."

"Jua hili hili?"

"Hili hili."

Akaweka kiganja kwenye paji la uso akaliangalia, kama ndiyo kwanza limefika Sofu.

"Na wote mlikuwa mnajua."

Nilisema tu kwamba tunaweza kwenda kijijini na kopo, nimpakie yeye, nipakie beseni, tuwaonyeshe.

"Tumwonyeshe nani?" akasema. "Pilau si walishakula?"

Akarudi kwenye mkeka, akachukua ule ukindu mweupe, akaendelea pale alipoachia. Beseni likabaki katikati ya ua. Ikapita adhana ya magharibi, mama akaswali, akaanua nguo, akalipita kwenda na akalipita kurudi, kifuniko kiko palepale ukutani. Kuku wa jirani, aliyechelewa kurudi bandani, akaja akapanda kwenye ukingo akanywa. Mama alimwangalia tu.